Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Hospitali Iliyonituliza

Bwana Mkurugenzi,

Nakuandikia kukushukuru, nikitumaini shukrani bado haijaingia kwenye orodha ya dalili. Katika wodi yako ya wanawake mengine yote yalishaingia. Nikilia, nimezidiwa. Nikicheka, nimezidiwa zaidi. Nikiuliza dawa hii ni ya nini, siutambui ugonjwa wangu, na hapo huitwa sindano pamoja na vijana wawili wa kiume wa kunishika, gauni likapandishwa mbele yao. Wao sijui walikuwa wanatibiwa nini.

Nilikuwa naumwa, sikatai. Usingizi ulinihama tangu tulipomzika mume wangu.

Hongera za pekee ziende kwa aliyeandika faili la jirani yangu wa kitanda. Mama wa watu alilalamika kwamba hedhi imekatika na maziwa yanamtoka, ilhali hana mtoto wa kunyonya. Ikaandikwa: anaamini ana mimba. Haloperidol mliyokuwa mkimdunga hupandisha homoni ya prolaktini, na homoni hiyo ndiyo iletayo maziwa na kusimamisha hedhi. Hayo si siri. Yamo katika vitabu walivyosomea madaktari wako. Lakini kufungua kitabu ni kazi, kuongeza dozi ni dakika moja. Mkaongeza. Gauni likazidi kulowa kifuani, na mwenye gauni akazidi kuwa na imani potofu.

Pedi nazo mlizifungia ofisini, tuziombe mojamoja. Kwa yule ambaye hedhi ilishakatwa na dawa, nakubali, huko ni kubana matumizi kwa ustadi.

Wachochezi watakutajia marekebisho ya mwaka 2022 ya Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya, ati mgonjwa aombwe ridhaa na ashirikishwe kupanga matibabu yake. Usibabaike. Ridhaa ilipatikana: shemeji yangu alitia sahihi. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimekataa kutia yangu kwenye karatasi za shamba la marehemu, kwa hiyo kalamu alikuwa nayo tayari.

Aliyewahi kuniuliza nimelalaje ni mama anayepiga deki. Tafadhali asipandishwe cheo, asije akaacha.

Barua hii nilitaka kuitumbukiza katika sanduku lako la maoni siku niliyoruhusiwa. Askari wa lango akaniambia nisijisumbue, ufunguo wake aliondoka nao mkurugenzi aliyekutangulia. Ndiyo maana unaisoma gazetini.

Wako mtulivu,
Mgonjwa wa zamani, Wodi ya Wanawake