Sifa za Bibi Nzi wa Maembe

Kwa heshima na taadhima, naomba nimsifu nzi wa matunda, yule mwenye madoa ya manjano na kiuno cha nyigu, ambaye jirani zangu hapa Unguja humtaja kwa maneno yasiyoandikika. Ni mzuri wa umbo. Ni msafiri: kwao Asia, mwaka 2003 akabainika pwani ya Kenya, na sisi visiwani hatukuchelewa kumpokea. Wataalamu amewachezesha apendavyo. Mwaka 2005 walimsajili kuwa ni mdudu mpya kabisa, mwaka 2015 wakakubaliana kuwa ni yule yule wa Asia waliyemjua tangu zamani. Na dume lake lina pua ya Kizanzibari: chembe fulani iliyomo kwenye mafuta ya mrehani humlevya hata akasahau safari yake. Nani kati yetu atamlaumu?

Lakini hasa ninachomsifia ni uchapakazi. Huyu ndiye bwana shamba wa kweli, au tuseme bibi shamba, maana kazi yote ya kutaga ni ya jike. Haombi posho. Hangoji mafuta ya pikipiki. Jumapili yumo, Idi yumo. Hufika kwenye kila mti, hukagua tunda moja moja, dodo na boribo bila ubaguzi, na maembe yakimwishia huhamia kwenye mapera. Kazi yake ni safi: kitundu cha sindano tu kwenye ganda. Embe unaliona limeiva vizuri, unaliosha, unampa mgeni. Kisu kinapita, na vibuu vyeupe vinajikunja, vinajifyatua, vinaruka kutoka kwenye sahani hadi kwenye mkeka. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 maishani mwake. Nionyesheni mtumishi mwingine wa kilimo mwenye ripoti ya utekelezaji kama hiyo!

Na hapa utani unanishinda, kwani msimu huu maembe niliyoyafukia ni mengi kuliko niliyoyala. Dawa yenyewe si siri. Matunda yaliyoanguka yaokotwe, yafukiwe kwa kina au yafungwe kwenye mifuko ya plastiki na kuachwa juani, mitego itundikwe, na wafanye hivyo watu wa mtaa mzima, maana mimi nikisafisha shamba langu peke yangu, nzi wa jirani haombi ruhusa kuruka ua. Kinachotakiwa ni mtu wa kutukusanya. Mtu huyo yupo, na mshahara anapokea. Wenzake wapo bandarini, ambako tenga la maembe huulizwa kama limelipiwa, halifunguliwi.

Shambani hatujamwona. Tulimwona hotelini, kwenye semina ya uhamasishaji, ambako mitego ilionyeshwa ukutani kwa projekta, mmoja baada ya mwingine, na sisi tukaandika kwa kalamu tulizogaiwa pamoja na fulana. Mzee mmoja akauliza mitego yenyewe itafika lini. Akajibiwa kwamba swali lake ni zuri sana, na kwamba suala hilo liko kwenye mchakato. Kisha tukakaribishwa biriani, na baada ya biriani yakaletwa matunda: maepo kutoka ng'ambo, kila moja na kibandiko chake.