Kichwa cha Treni Kikikukwamia Njia Panda: Mwongozo kwa Wakazi wa Migori na Homa Bay

Kabla hujashika bisibisi, thibitisha kwanza kwamba treni yako ina haki ya kuwa huku kwetu. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901 ikaridhika. Watu wa Homa Bay na Kendu Bay wakaletewa meli za shirika la reli, reli yenyewe ikabaki ng'ambo ya ghuba. SGR nayo ilifika Suswa mwaka wa 2019, ikapumzika.

Lakini wewe unayo. Treni za modeli zinazopatikana kwa urahisi zaidi ni za kipimo cha HO, yaani moja kwa 87, na nafasi kati ya reli zake ni milimita 16.5. Zidisha kwa 87: unapata takriban milimita 1,435, upana wa SGR. (Reli ya mkoloni, ya mita moja, ingetoka na milimita 11.5 hivi, kwa hiyo muuzaji asikuzungushe.) Kwa hesabu hiyo SGR imekwishafika Homa Bay. Ipo juu ya meza ya chakula, na imekwama njia panda.

Hatua ya kwanza, kwa desturi zetu, ni kukizaba kichwa cha treni kofi. Kisipoondoka, unda kamati. Mwenyekiti awe shemeji yako ambaye hajawahi kupanda treni, na posho ya kikao iwe chai na mandazi. Kamati itapendekeza ziara ya mafunzo Mombasa. Usibishane nayo, iage vizuri, kisha ufunge mlango uanze kazi.

Tatizo lenyewe halina uchawi. Kichwa cha treni hupata stima kutoka kwenye reli kupitia magurudumu. Pale reli mbili zinapokatana, njia panda nyingi huwekwa kipande cha plastiki ili stima ya upande huu isikutane na ya upande ule. Juu ya kipande hicho hakuna stima kabisa. Sasa, kichwa kifupi cha magurudumu manne kina mawili tu kila upande: moja likikanyaga plastiki, la pili linabeba jukumu peke yake. Likiwa na uchafu, au likiwa limevishwa mpira wa kuzuia kuteleza, safari imekwisha. Kikienda mbio kinavuka kwa nguvu ya mwendo, nawe unawatangazia majirani kwamba kimepona.

Wenye pesa wajitafutie modeli ya Garratt, vile vichwa virefu vya mvuke. Zile za aina ya 59, jumla 34, ziliundwa na Beyer Peacock wa Manchester miaka ya 1950 zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Nenda Makumbusho ya Reli Nairobi ukaitazame nambari 5918, Mount Gelai, uhesabu magurudumu yake mpaka uchoke. Modeli ya dude kama hilo, ikipata stima kwa magurudumu yote, haitajua hata kama plastiki ilikuwepo. Bei yake mwambie mama watoto baada ya mavuno.

Sisi wengine tusafishe. Vumbi la Migori halihitaji kutambulishwa, na Homa Bay kuna wale wadudu wa ziwa wanaofuata taa usiku na kufia popote, reli zako zikiwemo. Nenda duka la dawa ukaombe spiriti.

“Kidonda kiko wapi, mzee?”

“Ni cha treni, madam.”

Atakuuzia, ila atakutazama mpaka utoke. Nyumbani, tandaza tishu juu ya reli na uidondoshee spiriti kidogo tu, maana hushika moto. Weka magurudumu ya mbele juu ya tishu, ya nyuma yabaki kwenye reli yenye stima, kishike kichwa kisitoroke, kisha fungulia stima taratibu. Magurudumu yatazunguka palepale na kuacha mistari miwili myeusi kama wanja. Sogeza tishu, rudia, kisha kigeuze kichwa usafishe upande wa pili, mpaka mistari ififie. Msasa usiuguse: mikwaruzo yake hushika uchafu mwingi kuliko ule uliouondoa. Futa pia vile vyuma viwili vyembamba vya njia panda vinavyosogea unapobadilisha njia, hasa pale vinapogusana na reli iliyotulia, kwa sababu njia panda nyingi hupitishia stima hapo.

Kama pale reli zinapokatana pana chuma badala ya plastiki, chuma hicho kinataka waya wake na swichi ya kubadilisha upande wa stima kila njia inapobadilishwa. Ukikosea, unapiga shoti. Mpelekee fundi wa simu, ana multimita na vifaa vya kulehemu. Atasema uje Alhamisi. Njoo Jumatatu inayofuata, na hata hiyo Jumatatu nenda na gazeti. Wenye mfumo wa kidijitali wanaweza kumwomba awaongezee kapasita ya kukivusha kichwa mahali pasipo na stima, mradi kichwani mna nafasi ya kuiweka.

Ukishindwa kabisa, ng'oa njia panda uunganishe reli ziwe duara. Kichwa kitazunguka bila kukwama mpaka stima ipotee. Shemeji akirudi kutoka Mombasa na kuuliza treni inaelekea wapi, mwambie Isebania, na kwamba ripoti ya kamati inasubiriwa.