Sifa za Bomba Ligongalo

London hakuna anayekuja kwako bila miadi. Jirani wa ukuta mmoja hutuma ujumbe wa simu kwanza, ndugu wa damu huuliza kama Jumamosi ya mwezi ujao una nafasi, na mleta mizigo huitua mlangoni akaenda zake. Anayebisha bado, tena alfajiri, tena bila kualikwa, ni bomba la maji ya moto linalopita chini ya mbao za sakafu kwenda kwenye rejeta ya chumbani. Watu hulilaani. Mimi nimekuja kulisifu, maana kila mwenye makuu ana wa kumsifu na hili halina mtu.

Mama mkwe alipotutembelea kutoka Tanga, siku ya kwanza alitoka chumbani kabla hakujapambazuka, kajitanda kanga. "Baba Salma, kafungue mlango, watu wanabisha." Nikamwambia si watu mama, ni bomba. Akasimama kusikiliza. "Bomba linataka nini saa kumi na moja?" Kwa adabu za kwao hodi ni mara tatu, usipoitikiwa unaondoka, hili lilikuwa limeshapita kumi. Akafikiri kidogo. "Basi liacheni. Angalau lenyewe linakuja."

Nasaba yake nayo si ya kubeza. Mwaka 1772 Mwingereza John Whitehurst alibuni mtambo wa kupandisha maji kwa kishindo cha maji yenyewe. Mwaka 1796 Mfaransa Joseph-Michel Montgolfier, yule aliyerusha puto la hewa ya moto pamoja na nduguye mwaka 1783, akaufanya ujiendeshe wenyewe. Maji yanayoteremka kwa kasi hufungiwa njia ghafla na vali, yakapandwa na hasira, na kwa hasira hiyo sehemu yake hupanda mlima bila dizeli wala umeme. Pampu za aina hiyo zinatumika vijijini mpaka leo. Mwishoni mwa miaka ya 1890 Mrusi Nikolai Zhukovsky alilichunguza jambo hilo hilo kwenye mabomba ya Moscow. Kwa hesabu zake, maji yaendayo mita 1 kwa sekunde yakisimamishwa papo hapo ndani ya bomba la chuma, shinikizo huruka kwa zaidi ya baa 10, na mfumo wa kupasha nyumba joto umezoea baa 1 au 1.5. Kwa hiyo vali ikijifunga kwa pupa ukasikia du! ukutani, usiseme nyumba ni mbovu. Umetembelewa na mwenye ukoo.

Sifa yake kubwa zaidi ni kwamba halina unafiki. Paa huvuja kimya, unyevu hupanda nyuma ya kabati bila kuaga, nyaya huungua ndani kwa ndani. Bomba peke yake husema linaumwa wapi, ila linataka mtu wa kulisikiliza.

Likisema tik, tik, tik, kisha du, boila inapowaka na tena inapozimwa, hiyo ni shaba inarefuka na kurudi. Bomba la shaba la mita 10 likitoka nyuzi 15 hadi 70 huongezeka milimita 9 hivi. Ni kidogo, lakini aliyelilaza alilibana kwenye pengo alilokata juu ya boriti, hakuliachia hata nafasi ya kupitisha kadi. Likirefuka halina pa kwenda. Linang'ang'ania mti, linakaza, kisha linachomoka kwa mpigo mmoja. Kunja zulia, ng'oa ubao mmoja uone. Kote shaba imefifia, rangi ya kahawia, ila pale inapojisugua inang'aa, na chini yake kuna unga mwembamba wa mbao. Dawa ni kipande cha feliti au plastiki baina ya bomba na mti, na nafasi kidogo ya kupumua. (Pengo usilipanue ovyo, boriti hiyo ndiyo inayobeba kitanda chako.) Fundi aliyeitwa kwetu alisikiliza kidogo, akakohoa, akashauri tununue boila mpya.

Likikoroma na kububujika, limemeza hewa. Zima, acha rejeta zipoe, chukua ufunguo wake mdogo, kitambaa na kikombe, ulegeze skrubu ya juu pembeni mpaka hewa imalize kufoka na maji yaanze kutoka. Yanatoka meusi, kwa kuwa chuma cha rejeta kinaliwa na kutu polepole. Kisha tazama kipimo cha shinikizo, pengine maji yanahitaji kuongezwa. Na rejeta moja tu ikipiga mfululizo kila vali yake inapokaribia kufunga, tafuta mshale ubavuni mwa vali. Vali nyingi za zamani zenye thamostati hukubali maji ya upande mmoja. Ukiyapitisha kinyume, kifuniko cha ndani hupepea na kupiga. Aliyeifunga kinyume hatajulikana kamwe.

Ngurumo ikitoka ndani ya boila yenyewe, sifa naziweka kando. Huko mvuke unazaliwa na kufa kwenye chuma kilichoshika tope la kutu au ukoga wa chokaa. Maji ya London ni magumu, na mfumo unaovuja ukiongezewa maji kila wiki hujijazia chokaa mpya. Zima, umwite fundi aliyesajiliwa na Gas Safe. Kwa Uingereza ndiyo sheria kwa kila anayefanyia kazi boila ya gesi.

Sasa maadui wa bomba wamepata fedha. Kwa England na Wales serikali inatoa ruzuku ya pauni 7,500 kwa anayeng'oa boila ya gesi na kuweka pampu ya joto. Pampu hizo huzungusha maji ya vuguvugu, nyuzi 45 hivi, na kwa joto hilo ile shaba yetu ya mita 10 hairefuki zaidi ya milimita 5 na ushei. Wataalamu wanaliita jambo hili maendeleo. Wajumbe wa kamati zao, nina hakika, hawajawahi kukaa na mama mkwe majira ya baridi katika nyumba ambayo hakuna anayebisha.