Sifa za Tope la Kaputiei

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kila kiumbe kimepata wa kukisifu: ng'ombe ana nyimbo, mvua ina maombi, hata punda hukumbukwa Jumapili ya Matawi kwa kumbeba Bwana hadi Yerusalemu. Tope peke yake limekaa tangu dunia kuumbwa bila kutungiwa ubeti mmoja. Nami ninayelikwangua kwenye viatu vya watoto, kwenye kwato za ndama, kwenye sketi yangu ya ibada na juzi kwenye Biblia ya baba watoto, sioni aliye karibu nalo kuliko mimi.

Nalisifu tope letu la nyanda za Kaputiei, huku Kajiado, si tope la watu wengine. Tope jekundu la milimani huchafua nguo tu. Letu ni la udongo mweusi, ambao Februari hukauka ukapasuka nyufa za kumeza mguu wa ndama, na Aprili hulowa, ukavimba, ukanata, hadi mtu akivuka ua wake tu anafika ng'ambo akiwa mrefu kuliko alivyoondoka. Mafundi wa Kitengela wanaujua. Hawathubutu kuweka msingi juu yake. Huuchimba wote, wakautoa, wakajaza changarawe, ndipo nyumba ikasimama. Ni waheshimiwa wangapi wanaoondolewa mahali kwa gharama kubwa kiasi hicho?

Sifa zake ndogo nizipitie mbiombio. Limejenga: mama wakwe zetu walipaka nyumba zao kwa udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, na hakuna aliyeomba mkopo wa benki. Limetibu: katika Injili ya Yohana, sura ya 9, kipofu alipakwa tope machoni, akanawa, akaona. Linatunza historia: kaunti yetu ndiyo yenye Olorgesailie, ambako Louis na Mary Leakey walifukua mashoka ya mawe miaka ya 1940, na naamini siku moja wataalamu watakuja zizini kwetu kufukua gambuti za watoto, zote za mguu wa kushoto. Linafundisha unyenyekevu: Pasaka huangukia masika, na aliyeanzisha desturi ya kuwavika watoto nguo nyeupe siku hiyo hakuwahi kuwapitisha kwenye lango letu.

Wala nisidhaniwe nachukia mvua. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwanzoni mwa 2023 misimu mitano ya mvua ilitupita mfululizo, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Tuliuza fahali kwa bei ya kondoo, na wengine hatukupata hata wa kuwauzia. Tulifunga, tukaomba, tukakesha. Mvua ikaja, na kila masika tangu hapo tunaanza kwa kushukuru. Ila katika mikesha ile yote hakuna aliyekumbuka kuitaja barabara, na Mungu hujibu kilichoombwa.

Sasa nije kwenye sifa kuu, ambayo ndiyo iliyonishikisha kalamu. Tope ni mshika mlango bora kuliko wote waliowahi kusimama mbele ya kanisa letu la mabati.

Wakati wa kiangazi kazi hiyo ni ya mzee mmoja wa kanisa, mwenye utepe kifuani. Ni mtu mwema, lakini akiona gari la vioo vyeusi likitifua vumbi kutoka upande wa lami, magoti humlegea. Huwaondoa akina mama kwenye viti vya mbele, hutandika kitambaa, huagiza maji ya chupa, na kumnong'oneza mchungaji, ambaye papo hapo hugundua kwamba mahubiri yake yanaweza kufupishwa. Tope haliko hivyo. Tope halisomi namba za magari. Halina ukoo, halina rika, halikusoma na mtu. Halipokei kitu kidogo. Gari kubwa la kuvuta magurudumu manne hulikagua kwa utaratibu ule ule linaoikagulia pikipiki ya muuza mandazi: gurudumu la mbele, gurudumu la nyuma, kisha tumbo. Likibaini kwamba mgeni amefuata maikrofoni, humkalisha pale pale kwenye korongo la njia ya kanisa, na mlinzi wake mwenye suti humtazama asijue amshtaki nani. Likimwona koko wetu, yaani bibi yetu mzee, anakuja kumwabudu Mungu na fimbo yake, humruhusu apite, ijapokuwa hubaki na kiatu chake kimoja kama risiti.

Tazama na utaratibu wake mlangoni. Musa aliambiwa avue viatu mara moja, na ilibidi kijiti kiwake moto ndipo atii. Sisi tunavua kila Jumapili kuanzia Machi hadi Mei, bila moto wala sauti. Viatu hupangwa kibarazani, na vyote vina rangi moja. Cha mwenye ng'ombe mia mbili hakitofautiani na cha mchunga ng'ombe wa kuajiriwa. Ndani tunakaa miguu mitupu, tunaimba kwa nguvu ili tuishinde mvua juu ya mabati, radi ikipiga tunanyamaza, ikipita tunaendelea na ubeti ule ule.

Wakubwa wa makanisa nao wamejaribu kushika mlango. Septemba 2021, huko Butere, Askofu Mkuu Jackson ole Sapit alikuwa akimweka wakfu Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi katika Kanisa Anglikana la Kenya. Siku hiyo alitangaza kwamba wanasiasa hawatapewa tena nafasi ya kuhutubia ibadani, na nchi nzima ikajadili. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Kanisa Katoliki Nairobi akaagiza zirudishwe mamilioni ya shilingi yaliyotolewa na viongozi wa siasa katika parokia ya Soweto, na nchi ikajadili tena. Nawaheshimu wote wawili. Lakini kwetu kazi hiyo hufanywa na tope kila mwaka, bila waraka wala kikao cha sinodi. Aprili nzima hatutangaziwi kwamba mheshimiwa yuko njiani. Bahasha hazifiki. Sadaka huwa ni sarafu, noti mbili tatu na mayai, na mweka hazina husema huo ndio mwezi pekee ambao hesabu zake hulingana.

Basi kasoro ya tope ni nini? Ni kwamba halina upendeleo kabisa, na haki isiyo na upendeleo ina gharama zake. Likimzuia mheshimiwa, linamzuia pia kijana wa pikipiki anayekuja kuchukua maziwa. Baba watoto hukamua alfajiri, mvua ikimwingia shingoni. Nyasi ni nyingi, ng'ombe wetu wa Sahiwal wamejaa, kila ndoo inafurika. Maziwa yanasubiri langoni. Kijana anapiga simu kutoka lami: mama, leo siwezi. Kufika adhuhuri yameganda. Tunakunywa mala, tunawapa mbwa mala, tunawapelekea majirani, nao wanatupa ya kwao. Yaani miezi ambayo ng'ombe anatoa maziwa kuliko wakati wowote ndiyo miezi ambayo hatuuzi hata kikombe, na ada ya muhula wa pili inadaiwa miezi hiyo hiyo.

Kisha kuna kupe, ambao hustawi na mvua kama kila mtu. Ndama wetu alivimba tezi chini ya sikio, akapandwa na homa, na mtoto yeyote wa mfugaji hapa angekuambia kuwa hiyo ni ndigana kali. Dawa ipo. Ndama akidungwa mapema, ana nafasi nzuri ya kupona. Daktari wa mifugo alikuwa njiani kutoka lami, na dawa ilikuwa mkononi mwake. Tuliongea naye kwa simu akiwa ameketi kwenye gari lililozama hadi milango. Alipofika kesho yake kwa trekta la jirani, ndama alikuwa ameshakufa, na mama yake alikuwa amesimama mvuani akimwita. Sina utani hapo. Nilikuwa na hasira, na ninayo hadi leo, na siioni sababu ya kumwekea tope hasira hiyo. Tope lilikuwepo kabla ya babu zetu kufika na ng'ombe wao. Halikuomba kura. Halikuahidi chochote.

Walioahidi nawajua, na huja na greda.

Huja lini? Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa Juni 30. Kwa hiyo pesa za barabara ambazo Septemba tuliambiwa bado hazijafika, zikalala Desemba, zikapitwa na Januari wakati ardhi ilikuwa ngumu na changarawe ingeshika, huamka ghafla mwezi Mei zikiwa na haraka, maana zisipotumika zitahojiwa. Greda huingia kwenye mvua. Hukwangua nyasi, ambazo ndizo zilizokuwa zimeishikilia njia. Husukuma udongo kando, ikaiacha barabara iko chini kuliko ardhi ya pande zote mbili. Sasa, kitu kilicho chini, kirefu, chenye kingo mbili, wakati wa mvua, mtoto wa darasa la tatu atakuambia kwamba huo ni mto. Malori humwaga changarawe mafungu mafungu. Mafungu hupigwa picha. Kabla ya mwezi kwisha tope limeyameza yote, na kilichobaki ni bango: jina la mradi, jina la mkandarasi, jina la mheshimiwa. Bango limewekewa msingi wa zege. Barabara haikuwekewa.

Ukienda kuuliza, ofisi moja itakuambia barabara hiyo si yao, ni ya ofisi nyingine. Ukienda hiyo nyingine, watafungua ramani, watakupa kiti, na watakurudisha ulikotoka. Wakati huo huo kila lita ya petroli, tangu Julai 2024, inatozwa shilingi 25 za kutengeneza barabara, kutoka 18. Kijana wa maziwa huzilipa, hata kwa ile petroli anayochoma gurudumu likizunguka mahali pamoja korongoni. Nazo zilipokusanywa, magavana na wabunge waliingia kwenye mvutano mkali juu ya bilioni 10.5 za ushuru huo, kila upande ukidai ndio unaostahili kuzitumia. Ndivyo mambo yalivyo: pesa za barabara zina wenyewe wawili, barabara yenyewe haina hata mmoja.

Masika yakiisha, jua hufanya kazi yake. Tope huwa vumbi, mzee wa kanisa huvaa utepe wake, gari la vioo vyeusi hupita korongoni bila kujua kwamba ni korongo. Mheshimiwa huketi mbele, husifiwa kwa kufika, hutoa bahasha ya mabati ya jiko la kanisa, na kuahidi kwamba barabara iko kwenye bajeti. Viti vya nyuma hupiga makofi kuliko vya mbele.

Kwa hiyo nina ombi, na nalielekeza kwa yeyote mwenye uwezo wa kurekebisha Katiba. Katiba ya 2010 inataka uchaguzi mkuu ufanyike Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Ujao ni Agosti 10, 2027. Agosti! Mwezi ambao nyanda zetu zimekauka kabisa na hata gari dogo la kukodi hufika mlangoni pa koko. Uhamishwe hadi Aprili. Kila mgombea aje kanisani kwetu Jumapili iliyotanguliwa na mvua ya usiku kucha, bila helikopta, kwa barabara ile aliyoiwekea bango. Atakayefika kwa gari apewe kura zetu zote, wa chama chochote awaye, maana huyo ameijenga. Atakayefika kwa miguu apewe chai na kiti cha nyuma, maana angalau ameiona. Watakaobaki korongoni wasitafute wakili: tope limeshahukumu, na hukumu yake haina rufaa.