Hongera Fundi, Mtoto Yuko Macho

Tumpe fundi haki yake. Kuegemeza choo cha masta kwenye ukuta wa kitanda cha mtoto si kazi ya kila mtu. Wenzetu hununua saa ya kengele. Mwanetu ana bomba la plastiki la inchi 4, limepita ndani ya jipsamu tupu. Baba akivuta maji saa nane usiku, maporomoko yote ya Rusumo yanamshukia kichwani. Kisha tangi linapiga mluzi likijaa, na valvu inajifunga kwa kishindo, kama hakimu aliyemaliza kesi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 1999, lilitaka kelele za chumba cha kulala usiku zisizidi desibeli 30. Hao wa Geneva wana usingizi mwepesi, tuwahurumie.

Wapo wachokozi wanaodai ukuta ungejazwa sufi ya kuzuia sauti, bomba lingeshikwa kwa vibanio vyenye mpira, au, ushamba ulioje, kabati la nguo lingechorwa katikati tangu kwenye ramani. Ufujaji mtupu! Fedha hizo ndizo zilizowasha taa za rangi kwenye dari ya sebule, na wageni wote wamezisifu.

Mtoto naye anaelimika. Hajaanza darasa la kwanza, lakini anajua kila usiku nani kaenda haja gani, na nani hakunawa mikono. Chekechea gani inafundisha hayo?

Nyumba ya pili bado inapangishwa, ramani ni ile ile. Ukienda kuikagua usivute maji; dalali hapendi.