Sifa za Stata Isiyopatana na Flaiwili

Pwani yetu si bahili wa sifa. Tumelisifu jahazi, tumeusifu mnazi, tumemsifu mpaka pweza mkavu anayening'inia kwenye kamba. Ila sijamsikia mtu hata mmoja aliyesimama kuitetea stata isiyopatana na flaiwili yake. Leo nasimama mimi, na haki ninayo: ninayo moja, iliyokuwa imefungwa kwenye Land Rover 109 aliyoniachia marehemu mjomba hapa Kilwa Masoko, na kila alfajiri ilikuwa ikiikwaruza ringi ya flaiwili kwa sauti ya bati linalokatwa kwa msumeno butu.

Kwa asiyewahi kulala chini ya gari: flaiwili ni gurudumu zito la chuma lililo mgongoni mwa injini, limevikwa ringi yenye meno mia hivi au zaidi. Stata ina kigia chake kidogo cha meno tisa au kumi, mafundi wanakiita bendeksi. Ukipiga stata, bendeksi inaruka, inaing'ata ringi, injini inazunguka, bendeksi inarudi kwao kupumzika. Ni kazi ya kupepesa macho. Lakini ili ing'ate sawasawa, meno yawe saizi moja, umbali uwe ule unaotakiwa, na hata ncha za ringi ziwe zimechongwa upande ule inakoingilia bendeksi. Gari la zamani limepita mikono mingi. Injini ya gari hili, flaiwili ya gari lile, stata ya gari la tatu lililokufa porini. Fundi kajaribu bolti, zimeingia, kasema imekaa hiyo. Matundu ya bolti yana ukarimu wa ajabu. Meno hayana.

Hapo ndipo ninapoanza kusifu. Magari ya Cadillac ya toleo la mwaka 1912 yalikuja na stata ya umeme, kazi ya Mmarekani Charles Kettering. Kabla ya hapo gari liliwashwa kwa hendeli, na hendeli ikirudi nyuma ilikuwa inavunja mkono. Dunia ilimshukuru Kettering. Haikuona alichokiondoa: tangu siku ile mwenye gari akawa hana haja ya mtu. Anaingia, anawasha, anaondoka, hata salamu hatoi. Stata yangu ililirekebisha kosa hilo. Mimi nilikuwa siondoki nyumbani bila vijana wanne na mzee mmoja wa kutoa amri. Wasukumaji wangu nawajua kwa majina, najua nani shamba lake la ufuta limeota vizuri na nani binti yake amechumbiwa. Mwenzangu mwenye gari jipya la Kijapani anaishi mtaa huu mwaka wa saba, na bado watu wanamwita "yule wa gari jeupe".

Isitoshe, inafundisha. Injini ya silinda nne ikizimwa haisimami ovyo. Mgandamizo wa hewa kwenye silinda huisimamisha karibu kila mara kwenye sehemu mbili zilezile, zinazotazamana. Kwa hiyo ringi hailiki yote. Inalika hapo pawili tu, na kwingine meno yako kama ya mtoto. Nilipolijua hilo nikawa mtu mwingine. Nikiwa peke yangu njiani, stata ikikwaruza nilikuwa natia gia ya nne, nashuka, nalisukuma gari kwa bega kiasi cha shubiri mbili, flaiwili inasogea, natoa gia napiga tena, bendeksi inakuta meno mazima, injini inadaka. Wapita njia walidhani nimelisomea dua.

Na ukoo wa stata yangu, ule wa vyuma vya kuokoteza, si wa kudharauliwa. Serikali ya Uingereza ilipoanzisha mradi wa karanga mwaka 1947, ule uliokuja kufika Nachingwea, ilileta matrekta yaliyobaki vitani, mengine kutoka Ufilipino, na vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta. Mitambo mingi ililala kwa kukosa spea, na mwaka 1951 mradi ukafutwa baada ya kula mamilioni ya pauni. Mimi nimekula nauli ya kwenda Gerezani kutafuta spea mara nne tu. Nani mwenye hasara?

Fundi wangu, mzee wa Kivinje, haafiki sifa hizi. "Shikamoo mzee," nilimwamkia siku ile. Akaitikia marahaba huku kichwa kiko ndani ya boneti. "Mwanangu, hiki chuma kinakula chuma. Leta ringi na stata za ukoo mmoja." Nikaleta. Ringi haina bolti. Inachomwa moto mpaka itanuke, inavikwa upesi, ikipoa inabana yenyewe. Tukaichoma kwa mkaa na vifuu vya nazi. Mzee alikaa anaitazama rangi tu, kama mpishi wa kalmati: ikifika ya nyasi kavu ni sawa, ikipita ikawa ya bluu meno yamelainika, umetupa hela. Spanaboi aliongeza vifuu mara moja bila kuulizwa, akafukuzwa mpaka barabarani.

Ilikaa. Nilipiga stata, gari likawaka kabla sijatoa mkono. Wasukumaji waliokuwa wamekaa kwenye baraza wakisubiri walitazamana, wakakung'uta misuli yao, wakaenda zao. Sikupenda hata kidogo.

Asubuhi ya tatu jirani alibisha hodi, kofia mkononi, na mkewe nyuma yake ameshika kawa juu ya sahani.

"Pole sana, mjomba," akasema. "Tumesikia kimya."

"Kimya gani?"

"Cha gari. Siku tatu hatukusikii alfajiri. Mke wangu kasema nije nitazame, huenda umelala kitandani hoi." Akaniangalia juu mpaka chini, mzima wa afya. "Na mimi mwenyewe swala ya alfajiri imenipita mara mbili. Mwadhini simsikii, nalala fofofo. Ilikuwa naamka kwa ile stata."

Stata ya zamani ninayo, nimeifunga kwenye gunia chini ya kitanda. Jana nimeipaka grisi.