Namna ya Kushuka Kitonga kwa Nyutro

Kwanza pakia. Lori na mzigo wake vikifika tani 50 vinatosha. Unatoka Iringa kuelekea Morogoro, na mlima Kitonga ukianza kuinamisha pua ya gari, usiingize gia namba mbili kama waoga. Tia nyutro. Utingo akishtuka, mwambie unabana mafuta.

(Mafuta hayabaniki hivyo. Injini za dizeli za siku hizi, gari likiwa kwenye gia na mguu haupo kwenye akseleta, hukata dizeli kabisa. Kwenye nyutro lazima zinyonye kidogo zisizimike. Lakini hayo ni maneno ya mafundi, na mafundi hawalali njiani.)

Sasa tupige hesabu ya breki. Tuseme barabara inashuka mita 8 kwa kila mita 100. Uzito wa lori unalivuta chini kwa kani ya takriban niutoni 39,000, kama tani nne zinazoning'inia mbele ya bampa. Msuguano wa matairi unapunguza labda sehemu moja ya kumi. Ukinzani wa hewa, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, ni wa kusamehe. Injini ingebeba sehemu kubwa ya kilichobaki, ila umeipa likizo. Kwa hiyo breki peke yake inameza joto la kilowati 390 hivi: majiko ya umeme 195 ya wati 2,000, yote yamewashwa ndani ya magurudumu. Ukisikia harufu ya kuungua, ni lainingi zimeanza kuteleza badala ya kushika. Kanyaga tu, ingawa dramu iliyopata moto hutanuka na kuzikimbia.

Ukifika kilomita 80, umeongeza mwendo mara mbili na nishati mara nne. Kona nayo inadai mara nne. Kani ya kuligeuza lori hutoka kwenye matairi. Sala za utingo hazimo kwenye fomula. Mzigo ukiwa mrefu, matairi hayapati hata nafasi ya kuteleza: lori hulala upande wa nje wa kona, na Kitonga upande huo ni mwamba au korongo.

Ukifika Ruaha Mbuyuni mzima, mwagia maji dramu zikiwa bado nyekundu. Chuma cha moto kikipoozwa ghafla hupasuka. Wewe nunua vitunguu, kisha mpigie tajiri simu: breki za gari lake ni mbovu, na dizeli imekwisha.